Kufanya Kazi na Mwenzako Usiyempenda

Mtu akitafuta kazi huuliza mambo mengi. Huuliza mshahara ni kiasi gani, nyumba ipo au haipo, na kama kazi ni ya mwezi au ya kutwa. Jambo moja haliulizi, na hata akiliuliza hapati jibu: nitaketi karibu na nani? Kumbe huyo atakayeketi karibu naye ndiye atakayemwona mchana kutwa, mwaka baada ya mwaka, pengine kuliko atakavyomwona mkewe na watoto wake. Mke alimchagua. Rafiki alimchagua. Huyu wa kazini aliletwa na barua ya serikali, au na mwenye shamba, au na shida tu, kama wewe mwenyewe ulivyoletwa.

Wengi wetu tulifundishwa shuleni na kanisani kwamba dawa ya chuki ni upendo. Sipingi. Lakini upendo hauji kwa amri ya mkubwa wa kazi, na kazi ya leo haiwezi kungoja mpaka uje. Shauri ninalotaka kulieleza ni dogo zaidi, na naona ndilo walilolitumia wazee wetu: watu wasiopendana na waweke kati yao kitu ambacho wote wawili wanakiona na kukikubali, kama kipimo, au zamu, au shahidi, au daftari. Kisha kazi na ishike kitu hicho, isishike mioyo yao.

KAMBA YA MASARA

Pahali pazuri pa kulitazama jambo hili ni machimboni, maana huko ubaya wake hauchukui miaka kuonekana. Masara ni kituo cha biashara katika Suna Magharibi, Kaunti ya Migori, upande wa machweo ya mji wa Migori. Dhahabu ya nchi hii si habari mpya. Ilichimbwa tangu zamani za ukoloni, na mgodi mkubwa wa Macalder, ulio Nyatike, ulitoa dhahabu na shaba hata ulipofungwa mwaka 1966. Kampuni iliondoka, lakini mwamba haukuondoka. Watu wameendelea kuuchimba kwa mikono yao, kwa sururu, patasi na nyundo, na Masara ni mojawapo ya mahali hapo.

Shimo huwa jembamba, hata mtu mmoja akishuka hulijaza. Chini kuna giza na joto, maji hutiririka, na hewa ni haba. Mchimbaji hupasua mwamba, hujaza ndoo au gunia, hutoa ishara, na walio juu huvuta. Mawe yakishatoka hupondwa, zamani kwa mikono na sasa mara nyingi kwa mashine, yakasagwa hata yawe unga. Kisha unga huoshwa kwa maji juu ya ubao wenye gunia au zulia linalonasa chembe nzito. Hapo hutiwa zebaki, nayo hushikamana na dhahabu; zebaki ikichomwa moto huruka hewani, ikabaki dhahabu. Wanawake ni wengi katika kuponda na kuosha, na mtu asiyewahi kuponda mawe juani tangu asubuhi hata jioni asiseme kwamba kazi yao ni nyepesi.

Sasa tuwatazame watu wenyewe. Kikundi cha shimo si ukoo. Mmoja ana kamba, mwingine ana pampu ya maji, wa tatu hana kitu ila kifua chake, na wa nne ajua mwamba unakokimbilia. Mara nyingi huyu wa nne hana adabu, maana ajua kwamba hawawezi kumfukuza. Tena hawakutoka pahali pamoja. Yuko Mjaluo wa papo hapo Suna, yuko Mkuria, yuko Mkisii, yuko Mluhya, na pengine yuko aliyevuka mpaka kutoka Tanzania. Huenda baba wa huyu alishtakiana na baba wa yule juu ya mpaka wa shamba. Huenda wawili walimtaka msichana mmoja. Na hata hivyo asubuhi ikifika mmoja humfunga mwenzake kamba na kumteremsha.

Si jambo la mchezo. Mashimo ya dhahabu huua. Mwezi wa Desemba 2021 shimo la Abimbo huko Bondo, Kaunti ya Siaya, liliporomoka na kuwafukia wachimbaji, wala hilo si la kwanza katika nchi yetu wala si la mwisho. Mtu aliye chini ya ardhi amewaachia walio juu uhai wake wote. Ni kitu gani kinachomtuliza basi, akijua kwamba mmoja wa walioshika kamba hampendi?

Kwanza, kamba haishikwi na mtu mmoja. Pili, kuna ishara ambazo kila mtu amezikubali kabla ya kushuka, na anayevuta hana ruhusa ya kuzifasiri apendavyo: ishara ya kupandisha ni kupandisha, ya kusimama ni kusimama. Tatu, na hili naliona ndilo kubwa, anayevuta leo ndiye atakayeshuka kesho, na anayeshuka leo ndiye atakayevuta. Zamu imewafunga wote wawili kwa kamba moja.

Halafu kuna kugawana. Mashimo mengi hugawa mawe, hayangojei kugawa dhahabu. Mgeni huona ajabu, maana jiwe laweza kuwa na mali au lisiwe na kitu. Mbona wasisubiri wapate dhahabu yenyewe wakagawana kwa haki? Sababu ni kwamba dhahabu ni ndogo, hufichika katika kiganja, na aliyeiosha ndiye peke yake ajuaye alipata ngapi. Mawe hayafichiki. Mwenye ardhi ana sehemu yake, mwenye shimo ana yake, wachimbaji wana yao. Hesabu hutofautiana shimo kwa shimo, lakini njia ni moja: ndoo kwa ndoo, mchana, mbele ya wote. Aliyepata mawe matupu hulaumu bahati yake, hamlaumu mwenzake. Na yule asiyempenda mwenzake husimama karibu zaidi siku ya kugawa, akahesabu kwa sauti kubwa kuliko wote. Hapo chuki yake imekuwa ukaguzi wa hesabu, na shimo limepata mkaguzi asiyelipwa.

Tangu Sheria ya Madini ya mwaka 2016 ilipopitishwa, wachimbaji wadogo wametambuliwa kisheria, wanaweza kuomba vibali, na sheria hiyo iliweka kamati za uchimbaji mdogo katika kaunti. Wanaojiunga katika vyama huwa na mwenyekiti, mwandishi na mtunza fedha, na benki kwa kawaida hutaka sahihi za watu zaidi ya mmoja kabla ya kutoa pesa. Wengine hufikiri kwamba watia sahihi lazima wawe marafiki. Mimi sioni hivyo. Marafiki watatu waweza kwenda benki pamoja na kurudi kwa njia tofauti. Watu watatu wasioaminiana sana hurudi na risiti.

Jambo moja la machimboni lanitia wasiwasi, nami nalitaja upesi. Moshi wa zebaki ni sumu, hudhuru mishipa ya fahamu, na huwadhuru zaidi watoto na mama waja wazito. Kenya ilitia sahihi Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2013. Anayechoma zebaki ndani ya nyumba, au karibu na mahali wenzake wanapokula, hawezi kusema kwamba anamkomoa fulani. Moshi hauchagui.

CHUKI NA HATARI SI KITU KIMOJA

Hapa hapana budi kutofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kutompenda mtu ni jambo la moyo. Pengine hupendi sauti yake, au namna anavyokula, au kabila lake (na hili la kabila ni aibu, lakini lipo), au hupendi kwamba alipandishwa cheo nawe ukaachwa. Mambo hayo ni mzigo wako, nawe huna haki ya kumtwisha mkubwa wako au mwananchi aliyekuja kuhudumiwa.

Lakini mtu ajaye kwenye kamba akiwa amelewa si mtu usiyempenda, bali ni hatari. Karani anayetoa risiti ya shilingi mia baada ya kupokea mia tatu si suala la tabia zisizopatana. Msimamizi anayewasumbua wanawake walio chini yake hahitaji kuvumiliwa kwa jina la amani ya afisi. Hayo hupelekwa mbele, kwa maandishi, yakiwa na siku na saa. Nimeona watu wema wakinyamaza juu ya uovu wa namna hii kwa kuogopa kuitwa wachochezi, na nimeona wengine wakipeleka kwa mkubwa malalamiko ya kurasa nne juu ya mtu ambaye kosa lake kubwa lilikuwa kutafuna kwa kelele. Wote wawili wamekosea njia, na yule wa pili humharibia yule wa kwanza, kwa sababu mkubwa aliyechoka na habari za kutafuna hasikilizi tena habari za risiti.

WALE WASIOCHAGUANA

Mjaluo hana haja ya kwenda Masara ili ajifunze mambo haya. Na ayatafute nyumbani. Katika lugha yake mke mwenza huitwa nyieka, na wivu huitwa nyiego. Maneno hayo mawili yasikilize, utajua kwamba waliyoyaweka hawakujidanganya. Hawakutazamia kwamba wake wenza watapendana. Basi walifanyaje? Walijenga boma kwa kufuata hali hiyo. Nyumba ya mke mkubwa, mikayi, ilijengwa ndani kabisa ikitazamana na lango. Ya mke wa pili, nyachira, ikawa upande mmoja. Ya mke wa tatu, reru, ikawa upande mwingine. Kila mmoja alikuwa na shamba lake, ghala lake na meko yake. Mvua ikinyesha, mke mkubwa ndiye aliyetangulia kupanda, kisha wenziwe wakafuata kwa taratibu. Na wakati wa mavuno vivyo hivyo. Hakuna aliyepaswa kukisia. Mgeni aliyeingia langoni alijua nani ni nani kwa kutazama nyumba tu.

Sisemi kwamba wanawake walikuwa na raha katika maisha hayo. Wao ndio wa kuulizwa, si mimi. Nasema tu kwamba waliolipanga boma walijua kuwa watu waliokusanywa bila kuchaguana huhitaji mpaka na utaratibu kabla ya kuhitaji mahubiri.

Hali ni hiyo hiyo katika kulima. Ipo desturi ya kualika majirani waje kulima siku moja kwa chakula au pombe, iitwayo saga. Na ipo ile ya kikundi kulima kwa zamu, leo kwa huyu na kesho kwa yule, iitwayo rika. (Msomaji asidhani ni rika la Kiswahili, hapa maana si umri, ni zamu.) Katika saga jirani asiyekupenda haji, au huja akanywa. Katika rika huja, tena hulima sawasawa, kwa sababu shamba lake li zamu ya Alhamisi, naye ajua kwamba utalima lake kama alivyolima lako. Basi ukitaka kufanya kazi na mtu usiyempenda, usimwombe hisani. Fanya naye zamu.

Na upande wa ziwa, kuanzia Homa Bay hata Mbita, wavuvi wa omena hutoka usiku na taa zao, wakakaa ndani ya mashua moja hata alfajiri. Huko huwezi kutoka nje ukapunge hewa ukiudhika. Asubuhi omena huuzwa kwa kipimo ambacho kila mtu ukingoni anakijua, gharama za usiku huo huondolewa, na kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye mashua na wavuvi siku ile ile. Deni la ugomvi halilali. Afisini kwetu hulala hata miaka saba.

Ndugu zetu wa Tanzania wana dawa nyingine ambayo sisi huku hatunayo kwa ukamilifu wake, nayo ni utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na wajukuu zao leo ni watani. Mtani aweza kukutukana mbele ya wageni, akachukua kitu chako kidogo, akafika msibani kwako na kufanya mzaha, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Na zamu yako itakapofika utamfanyia vivyo hivyo. Uadui wa zamani umepewa mlango wa kutokea, wenye kipimo chake. Lakini naonya: utani una sheria. Makarani wetu wengine huchukua maneno ya utani bila kuchukua sheria yake, wakamtania mtu ambaye si mtani wao, kisha hushangaa wakiitwa mbele ya wakubwa kujibu.

NUSU MKATE

Wako watakaosema kwamba mifano hii ni ya mashimo na mashamba, na kwamba wakubwa huishi kwa njia nyingine. Basi tuikumbuke serikali iliyoitwa na wananchi nusu mkate. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 na damu iliyomwagika, Bw. Mwai Kibaki na Bw. Raila Odinga walitia sahihi mapatano tarehe 28 Februari 2008, Bw. Kofi Annan akiwa mpatanishi. Mmoja akawa Rais, mwingine Waziri Mkuu, na mawaziri wa pande zote mbili wakaketi katika baraza moja. Hakuna mtu aliyedhani kwamba walipendana. Waliteta juu ya vyeo, juu ya nani atatangulia nani, na kila mtu mwenye redio alizisikia habari hizo.

Mwezi wa Aprili 2009 ugomvi ulifika Bungeni. Kila upande ulitaka mtu wake awe kiongozi wa shughuli za serikali Bungeni na mwenyekiti wa kamati ya kupanga shughuli za Bunge. Ilionekana kana kwamba Bunge litakwama. Spika wakati ule, Bw. Kenneth Marende, hakujaribu kuwapatanisha mioyo. Aliamua kwamba yeye mwenyewe atakikalia kiti cha kamati hiyo kwa muda mpaka wakubaliane. Kile kitu walichokuwa wakikinyang'ania kiliondolewa mikononi mwao, na shughuli zikaendelea. Serikali hiyo hiyo, pamoja na kelele zake zote, ndiyo iliyokuwapo tarehe 27 Agosti 2010 Katiba mpya ilipotangazwa rasmi katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi.

Naipenda habari ya kiti cha Spika kwa sababu waweza kuitumia hata katika duka la vitu vidogo. Watu wawili wakigombea funguo, shauri si kuamua nani ni mwema. Shauri ni kuwa funguo zikae kwa mtu wa tatu.

SUKARI NA MUHURI

Na sasa nirudi kwetu makarani. Ugomvi mwingi wa afisini nimeuona ukianzia kwenye chai. Watu huchangishana kila mwisho wa mwezi kununua majani, maziwa na sukari. Mmoja hutia vijiko vinne, mwingine hanywi sukari kabisa lakini hulipa sawa, wa tatu hakulipa mwezi wa pili na kila siku yuko kwenye birika. Hakuna anayesema neno. Chuki hukua polepole kama mchwa ndani ya nguzo, na siku inapotoka haitoki kama habari ya sukari. Hutoka kama habari ya faili, au ya likizo, au ya kabila.

Katika afisi moja ambayo sitaitaja, makarani wawili waliacha kusemezana kwa sababu hiyo. Mmoja alishika ufunguo wa kabati la faili, mwingine alishika muhuri. Mama mmoja alikuja kutoka mbali kutafuta barua ya kumwezesha mwanawe kuomba basari ya shule. Jumatatu aliambiwa mwenye ufunguo ametoka. Jumatano faili ilitolewa kabatini, lakini ikawekwa mezani pasipo neno, na mwenye muhuri akasema yeye hajakabidhiwa kitu. Ijumaa mama alikuja tena. Mwenye muhuri alikuwa na ruhusa ya kwenda hospitali, na muhuri ulikuwa ndani ya mtoto wa meza uliofungwa. Maombi ya basari yalifungwa Ijumaa hiyo. Barua ilipigwa muhuri Jumanne iliyofuata. Nayajua haya kwa kuwa daftari la wageni lina siku zote tatu, na jina la mama huyo limeandikwa mara tatu kwa mwandiko wa bawabu.

Hakuna karani aliyemtendea mama huyo ubaya kwa makusudi. Kila mmoja wao alikuwa akimnyamazia mwenzake tu. Lakini kunyamaza huko kulipita juu ya kichwa cha mtoto ambaye hawakumjua, na muhula ule alikaa nyumbani.

Kwa sababu hiyo mimi husema kwamba salamu ni sehemu ya kazi. Huna lazima ya kucheka na mtu, wala kumwuliza habari za mkewe. Lakini "Habari ya asubuhi, Bwana" haigharimu kitu, na inaacha njia wazi ya kusema baadaye, "Bwana, faili hii yako." Watu wakishaacha kusalimiana, neno la kwanza kati yao huwa gumu mno, na kila mmoja humngoja mwenzake aliseme. Huku kwetu, zaidi ya hayo, kumpita mtu mzima pasipo salamu ni tusi, na ukimtusi mzee aliye chini yako kwa cheo, afisi nzima itamwunga mkono, hata kama ni mvivu.

Pia usimtumie mtu wa tatu kuwa barua yako. Tarishi, mpika chai, na mfanya kazi mpya aliyefika juzi ndio hutwishwa mzigo huu: mwambie yule, mwulize yule, mpelekee yule. Maneno hubadilika njiani, tena yule kijana hujikuta ana upande kabla hajajua hata choo kiko wapi. Na siku hizi kuna simu. Ujumbe ulioandikwa usiku kwa hasira haupoi kama neno lililosemwa; hubaki pale, husomwa upya asubuhi, huonyeshwa wengine. La kazi na liandikwe. La hasira na lisemwe uso kwa uso, au lisisemwe.

Kuhusu kuomba uhamisho, sina mengi. Wako ambao wamehama kwa haki, na maisha yao yakatengemaa. Lakini ukimwona mtu amehama Migori akimkimbia fulani, akahama Homa Bay akimkimbia fulani mwingine, na sasa anaandika barua ya kuihama Kisii, yafaa kuuliza kwa upole ni nani anayemfuata safari zote hizo.

Katika afisi ile niliyoitaja, karani mkuu mpya alifika akakuta mambo hayo. Hakuwaita kuwasuluhisha, alisema hakusomea kazi hiyo. Alipigilia msumari ukutani karibu na mlango wake, akatundika ufunguo hapo, na muhuri akauweka katika kisanduku chini yake. Chini ya kisanduku aliweka daftari: anayechukua huandika saa, anayerudisha huandika saa, na faili inayotoka mkono hata mkono hutiwa sahihi na wote wawili. Mchango wa sukari aliuvunja kabisa. Majani na maziwa ni ya wote, sukari kila mtu na yake. Makarani wale wawili wangali katika chumba kimoja. Asubuhi husalimiana, kisha kila mtu huinama juu ya karatasi zake. Juu ya dirisha kuna makopo mawili ya sukari, kila moja na jina lake kwa wino mweusi, na kati ya makopo hayo kuna nafasi ya kutosha kopo la tatu.